Jiwe Ndani ya Soksi

Limekuja ndani ya soksi. Ya pili hatukuiona.
Limetoka huko kwenye milima isiyo na njia,
likateremka kwa punda, kwa lori, kwa boti ya Tanga,
likafika Micheweni mkononi mwa utingo
aliyeuliza mara mbili: "Hakika ni jiwe tu?"

Jiwe tu. Jekundu kama ini,
limetobokatoboka kama mkate wa kumimina.

Sauti ya Shaame simuni, upepo unaikatakata:
"Mama, ni kilima kidogo, cha majivu na zaha.
Asubuhi napanda na vyombo vya wapimaji,
adhuhuri nimeshashuka.
Kina miaka mia nne, wanasema.
Kwa vilima, hicho bado kinanyonya."

Mama amekaa penye fungu lake la kokoto,
nyundo magotini,
pete ya mpira ikishika jiwe badala ya vidole.
Mikono hiyo imezalisha nusu ya mtaa
kabla macho hayajaingia ukungu.
Hakuniuliza mimi. Aliliuliza jiwe:

Nani alikupokea?
Kitovu chako kimezikwa wapi?
Siku ya saba ulinyolewa na nani,
huko kusikofika mtu?

Akalipima kiganjani, akacheka.
"Debe zima la haya halina uzito wa mtoto njiti.
Mnunuzi atanitukana."

Mawe yetu yaliwahi kuwa hai, chini ya maji.
Ukiyapasua, yananuka pwani.
Hili aligonga kwa ncha ya nyundo, polepole,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.
Likalia kama kigae.
Halikunuka kitu.

"Shaame asema kililipuka mara moja," nikamwambia,
"mwaka mmoja tu, kisha kimya mpaka leo."

Akapitisha kidole kwenye matundu, moja moja,
kama anayehesabu.
"Basi hizi ni pumzi.
Alilia mara moja. Inatosha.
Wangapi nimewapokea hawakulia kabisa."

Akarudi kwenye kokoto zake.
Mpaka alasiri hatukusema tena.

Usiku nikamkuta uani, miguu ndani ya beseni,
anasugua visigino kwa kilima kile kichanga,
maji yamekuwa mekundu kidogo.
"Linafaa," akasema, bila kuinua uso.
"Mpigie. Mwambie limefika.
Na soksi ya pili,
mwambie ailete mwenyewe."