Jiwe la Mbeleko

Kutná Hora, mji wa fedha, theluji hadi madirishani.
Bwana Zikmund hasomi hadithi za Wayunani
kama wasomavyo wengine, kwa raha, baada ya chajio.
Huzisoma kama mpishi anayetafuta kipimo cha chumvi.

"Ludmila," huniita, kidole juu ya ukurasa,
"ngozi hii ya dhahabu, wadhani ni ngozi?
Ni siri ya tanuri, imeandikwa juu ya kondoo.
Na joka linaloilinda, lisilolala,
ni zebaki hii, itambaayo mezani ikikataa kushikwa."
Naosha chupa. Nasema, ndiyo, bwana.
Nimechuna kondoo wengi; sikukuta herufi.

Lakini aipendayo zaidi ni ya Zohali,
mungu mzee aliyemeza wanawe
mmoja mmoja, wangali na maji ya uzazi,
kwa kuogopa kurithiwa.
"Zohali ni risasi," asema, akichochea moto.
"Tazama inavyomeza: shaba imo, bati limo,
fedha tu hubaki.
Na yule wa mwisho, mama alimficha,
akaviringisha jiwe katika mbeleko.
Mzee akalimeza. Akaja kulitapika.
Jiwe hilo, Ludmila! Ndilo tulitafutalo!"

Yeye akaendelea na jiwe.
Mimi nilibaki kwa mama.
Hakuna kitabu chake kilichouliza
alilitoa wapi, usiku ule,
wala mikono ilimtetemeka vipi akilifunga.

Maana nami nilikuwa na watatu.
Prokop alivuta mivukuto ya tanuri hili tangu miaka saba.
Mstari wa buluu ukamwota kwenye ufizi,
tumbo likamsokota, akasahau jina langu.
Hedvika akaishika mivukuto ikiwa bado na joto la kaka yake.
Moshi wa risasi ni mtamu, alisema,
kama asali iliyoungua.
Tulimzika kabla ya Pasaka.
Bwana alilia, nisimsingizie.
Alilia, kisha akaongeza kuni.
Uchungu wa mwana aujuaye mzazi;
uzazi wake yeye umo chupani.

Jana ameuliza umri wa Vitek.
"Sita, bwana."
"Basi mwakani."

Usiku huu chupa zimebaki chafu.
Vitek amekwenda na mchuuzi wa chumvi, kwa dada yangu,
katikati ya magunia, mkate kifuani,
akiniuliza kwa nini silii.
Nikashuka mtoni, nikavunja barafu kwa shoka,
nikabeba nilichokipata, nikakilaza kitandani,
nikakifunika hadi juu.

Kukipambazuka atapiga hodi. Mwaka ni mrefu, atasema,
mtoto aanze leo.
Nitashika taa.
Karibu, bwana. Miaka kumi na tisa umelitafuta.
Lifunue taratibu,
bado lina baridi ya mto.