Yah: Viatu

Mimi ni wa masijala. Miaka ishirini na miwili
napokea, nagonga muhuri, natoboa, nafunga kwa uzi wa kijani.
Barua nilizozizoea zilipiga hodi kabla ya kuingia:
Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.
Hata aliyefukuzwa kazi aliambiwa mwishoni
Nakutakia kila la heri huko uendako.

Siku hizi barua zinaingia na matope.

Saa sita kasoro usiku simu inatetema juu ya stuli.
Ni Bwana Kapaya, meneja wetu: alama ya kuuliza,
peke yake, kama ndoana isiyo na chambo.
Nakesha nikiwaza nimekosa nini.
Asubuhi mwenyewe kasahau alichotaka kuuliza.

Shija wa uhasibu huandika kwa herufi kubwa tupu,
MADUMU YA ASALI YA SIKONGE YAKO WAPI,
ukisoma unajifuta mate.
Ana kwa ana, Shija hana sauti ya kufukuza kuku.
Na Nyamizi, binti wa mafunzo kwa vitendo,
alimwandikia mkaguzi wa hesabu barua pepe safi,
viambatisho vitatu, akamalizia kwa mazoea:
Nakupenda mama, usisahau dawa.
Mkaguzi akajibu: Imepokelewa. Nimeshameza.

Tulicheka wiki nzima. Mimi nilicheka kuliko wote.

Halafu Jumanne ile.
Meneja kapita koridoni, pwa, pwa, pwa,
kisigino cha kiatu kikichelewa nyuma ya mguu.
Nikamwandikia dada yangu Kalunde, yuko gengeni kwake Isevya:
Leo kaja na viatu vya marehemu.
Nikaongeza vile vikatuni vya kucheka hadi machozi, vitatu.

Kidole hakina macho.

Haikwenda Isevya. Ilikwenda Wafanyakazi Asali Rasmi,
watu thelathini na mmoja, pamoja na dereva
na wale wa kituo cha Urambo ambao hata hatujuani sura.
Nikafuta. Pakabaki maandishi ya kijivu, Ujumbe huu umefutwa,
kama doa la ukuta palipotolewa picha.
Ng'ambo ya ua niliisikia mashine ikichuja asali.
Shija, kwa mara ya kwanza kwa herufi ndogo: mh.

Kisha: Bwana Kapaya anaandika.
Ameacha.
Anaandika.

Ndiyo. Ni vya marehemu mdogo wangu Mihambo.
Yeye alivaa namba kumi, mimi navaa nane.
Kikao saa nne.

Kikao kizima nilitazama chini ya meza.
Kipande cha gazeti kilichungulia kisiginoni.

Mchana nikaandika kwa njia ninayoijua: karatasi,
kumbukumbu namba, tarehe, Yah: Kuomba radhi.
Nilichana mara nne. Lugha ya masijala ina neno
la upungufu wa madumu, la likizo ya uzazi,
la kupotea kwa tairi la akiba;
la hili haina. Nikaandika tu:
Sikujua. Nimekosa. Pole kwa msiba.
Nikaisukuma chini ya mlango wake, nikakimbia kama mtoto.

Saa kumi ikarudi, ina wino mwekundu,
mwandiko wake ule uliolala:
Masijala, hifadhi.
Na chini, kwa penseli, kana kwamba ni mkono mwingine:
Alivinunua kwa ajili ya harusi yake.

Sasa niihifadhi wapi?
Si utumishi, si fedha, si mali chakavu.
Nimeifungulia jalada jipya, nimelipa namba,
juu nimeandika Viatu. Lina karatasi moja.

Usiku, saa sita kasoro, stuli ikatetema.
?
Nikajibu: Nipo, Bwana Kapaya.
Nililisoma jina la mpokeaji mara tatu
kabla ya kukiruhusu kidole.