Kawa ya Mwezi wa Pili

Sista Driciru wa zahanati ya Oli, Arua,
ameniwekea karatasi yenye mstari.
Huku sifuri, huku kumi.
"Mastula, tia alama:
wiki hii umewashwa kiasi gani?"

Kalamu nimeishika, mkono hauendi.
Kumi ipi, sista?
Ile ya saa nane usiku, shuka lina vidoa,
mume amehamia mkekani, eti joto?
(Najua si joto.)
Au ile ya sokoni,
narudisha chenji kwa ncha za vidole
na mteja anaipokea kwa ncha za vidole vyake?

Waliosema upele humwota asiye na kucha
hawakuniona mimi.
Kucha ninazo, ndiyo balaa yangu.
Binti yangu huzikata kila Alhamisi;
Ijumaa natumia ukingo wa meza.

Ngozi hii haitaki sabuni ya kipande,
haitaki sweta, haitaki jasho wala vumbi la kiangazi,
haitaki hata kanga mpya
mpaka ifuliwe mara tatu.
Na kazi niliyorithi ni kusuka,
ukindu nauchovya rangini kwa mikono hii hii.

Nikaondoka, mstari mtupu.

Nyumbani nikaanzisha kawa.
Sharti nililojiwekea: nikisimama kujikuna,
mshono mmoja mwekundu, kisha niendelee.
Jumatatu nilipata karibu safu nzima nyeupe.
Jumatano umeme ulikatika,
nikasuka kwa kibatari:
mwekundu, mwekundu, mweupe, mwekundu.
Siku ya arusi ya Zamzam
mzunguko wote uliwaka.

Mwezi ulipokwisha nikampelekea sista.
Akaipakata, akahesabu kwa kidole,
akapotea, akaanza upya.
Kufika mzunguko ule akasita.
"Hapa palikuwa na nini?"
"Arusi ya mdogo wangu."
"Ulikwenda?"
Nikatazama dirishani.
Ndipo akaigeuza karatasi
akaandika nyuma yake, kirefu,
mahali pasipo na sifuri wala kumi.

Nimepewa mafuta ya kopo na glavu za pamba.
Tutaona.

Getini mama mmoja akaidaka ile kawa,
akaizungusha juani:
"Nakshi gani hii! Nisukie nyingine,
hivi hivi, ya Iddi."

Nikacheka hadi machozi.
"Nitakusukia nyeupe," nikamwambia.
"Inshallah, dada. Nyeupe."