Pele

Siku ya kwanza alinishika kiganja, akakilaza juu ya kochi:
Pelle, Dama. Pelle vera.
Mimi nikasikia pele,
nikauondoa mkono mbio, nisije nikaambukizwa.
Sinyora alicheka hadi akapaliwa.
Basi nikajifunza kwamba pelle ni ngozi,
na kwamba ngozi ile ilikuwa na ratiba kunishinda mimi.

Jumatatu vumbi, kwa burashi ya nywele laini.
Alhamisi kitambaa chenye unyevu, kikamuliwe mpaka kilie,
na nyuma yake kikavu,
kabla hewa ya bahari haijaacha chumvi yake.
Mara moja kwa mwezi, krimu ya kopo jeupe,
kadiri ya punje ya kunde, kwa ncha za vidole,
duara, duara, piano piano,
kama unampaka mtoto.
Wangu alikuwa Ganda kwa bibi yake, akipakwa na wengine.
Miaka kumi na moja. Sikukaa hata mara moja.
Hakuna aliyenikataza.

Nyumba ya Casuarina ikauzwa mwezi wa pili, joto likiwa kali.
Mshahara wa miezi mitatu ukageuka maneno:
Dama, chukua kochi.
Ndege ikapaa.
Mkokoteni wa Kitsao ukalileta Maweni kwa njia ya sokoni,
watoto nyuma, kama arusi,
na mlango wangu ukalikataa. Tukang'oa fremu.
Tangu hapo linakula nusu ya chumba;
nusu ya pili ni yetu, tukikunja miguu.

Masika yalipoingia likaota ukungu,
madoa meupe kwenye mishono, na kuongezeka kila asubuhi.
Nikasema: ndizo hizo pele, zimenifuata.
Jirani akaniambia mafuta ya nazi. Nikapaka.
Siku mbili liling'aa kama biarusi,
ya tatu likanuka chicha ya juzi,
na sisimizi wakapanga foleni.

Nikamwendea fundi Shekue, mshona makubadhi nyuma ya soko,
ambaye ukimuuliza hata saa hakujibu kwa nathari:

  Ngozi, dada, huenziwa, wala haimwagwi maji,
  Juani ni kutolewa, jua kwayo mnyonyaji,
  Mafuta ya kupikiwa, yatachacha kama uji,
  Siri nimekwisha towa, nami nataka mtaji.

Nikampa mia. Akanifungia nta ya nyuki kwenye gazeti,
akaniambia siki, na maji kiasi chake, kwa ule ukungu,
kisha dirisha wazi, na kochi lisiegemee ukuta.
Methali naijua: ngozi ivute ili maji.
Lakini hii ilivutwa zamani, kwao,
wala sikuwepo.

Jumapili moja Kenga alikuwa na hesabu za shule.
Kutoa kulipomshinda
akaandika jina lake lote kwenye mkono wa kochi,
kwa biro ya buluu, na mstari chini yake.
Nikanyanyua kitambaa. Nikanyanyua na mkono ule mwingine.
Kisha sijui, nikaishusha yote.
Shekue aliwahi kusema wino na ngozi zikioana hapana talaka.

Akaja mtu wa hoteli. Elfu kumi na mbili, alisema,
akaona jina, akashuka hadi sita.
Nikamwambia lina mwenyewe.
Soma.

Leo Alhamisi. Nakamua kitambaa mpaka kilie.
Napangusa mgongo, mito, vile vifundo vya chini
ambako makombo hujificha, ya mkate siku hizi, si ya biskuti.
Nikifika kwenye jina nalizunguka,
piano piano,
kisha nakaa, dakika tu, kiuno kinauma,
na ngozi inatoa ule mlio wake
niliousikia miaka yote
ukitoka chini ya watu wengine.