Kura Nne kwa Tatu

Terhikki, barua rasmi utaipata Jumatatu,
ina muhuri wa chuo na neno "tunasikitika".
Hii nyingine naiandika jikoni,
theluji ya Oulu imefika kwenye kitasa cha mlango.

Miaka kumi na mmoja umehesabu miiba ya samaki
wasiozidi kidole, katika kidimbwi kimoja
ambacho ramani imekisahau.
Mikataba yako: miezi kumi, kumi, sita,
tena kumi. Mwanao alijua kutamka "ufadhili"
kabla ya kujua kuendesha baiskeli.

Wewe ndiwe uliyenifundisha, mimi profesa wako,
kwamba penye wachache bahati humpiku aliye bora:
kidimbwi kikikauka, wanaosalia si hodari,
ni waliosalia tu.

Basi sikiliza. Tulikuwa saba mezani.
Hyttinen ana mafua, anataka kuwahi nyumbani.
Mtu akamwaga kahawa juu ya ukurasa wako wa tatu,
ule wenye mchoro wa jeni la magamba,
na hakuna aliyeomba nakala nyingine.
Kura nne kwa tatu.

Ya nne ilikuwa yangu.

Hoja ya kisayansi sina.
Nilichoka; yule mwingine alizungumza taratibu,
chumba kilikuwa na joto.

Uamuzi ule usiuite uteuzi asilia.
Aprili barafu ikipasuka utakwenda kidimbwini,
nakujua, na ndoo yako ya bluu,
maana samaki hawaulizi nani kaajiriwa.
Ukiniruhusu nitakuja nikushikie wavu.
Viatu vya mpira ninavyo.