Baada ya Kuvuna Viazi, Võrumaa

Zima taa ya zizi, Endel. Na ya jikoni.
Kisha ngoja. Macho ni kama ng'ombe mgeni,
hayaingii gizani kwa kuswagwa.

Ile inayometameta chini, juu ya misonobari,
nyekundu, kijani, nyekundu tena,
si trekta ya Ülo.
Ni nyota. Mwaka jana nami nilidanganyika,
nikaipungia mkono.

Inua kidevu. Mraba ule mkubwa,
mtupu kama shamba letu tangu Jumanne
(magunia arobaini na moja, moja limeoza).
Toka pembe yake ya juu kushoto, hesabu nyota mbili,
panda kidogo, halafu usitazame.
Tazama kando.
Ukiikazia macho inakimbia;
ukijifanya huna habari nayo, inakuja,
doa la maziwa kwenye shati jeusi.
Mwanga huo uliaga kwao
kabla hajazaliwa mtu wa kuupokea.

Hivyo ndivyo ninavyomwona Helve siku hizi:
nikiosha ndoo, nikiwaza mengine.

Na mashariki, kale kakundi.
Kuna watu huko mbali wanaokaita Kilimia,
kakizuka wanashika jembe.
Sisi twakaita Chekeche,
na kakichomoza jioni
jembe hupakwa mafuta, likaangikwa.

Umande unaanza kuuma. Vaa kofia yake,
haitamkera.
Bado kidogo tu.
Ona, hata Ülo amezima taa.