Hizi Si Dawa

Julai, Mbeya, mwaka wangu wa nne.
Baridi imeng'ata nondo za madirisha ya kliniki,
Loleza amejifunika ukungu mpaka shingoni,
nami nimevaa sweta mbili chini ya koti jeupe
nisije nikatetemeka mbele ya wagonjwa.

Akaingia Mama Tumpale, mchuma chai wa Katumba,
ncha za vidole nyeusi kwa utomvu.
Tumbo linanyonga, alisema, leo siku ya nne,
choo kina kamasi na damu kidogo.
Nikauliza kama nilivyokariri:
Una mzio? Hapana.
Una mimba? Akacheka, akaziba mdomo.
Unatumia dawa nyingine?
Hapana, baba.

Nikaandika flajili.
Mia nne, mara tatu, siku saba.
Niliupenda mwandiko wangu siku ile,
mkia wa herufi ya mwisho ulivyojipinda
kama barabara ya kupandia Chunya.
Foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji.
Sikumpima kifua.
Ningefungua vifungo viwili tu ningeliona kovu
lililonyooka toka kooni kushuka chini,
na ningeinamisha sikio, hata bila kipimo,
ningesikia tik, tik,
vali ya chuma
ikihesabu kama saa ya mezani.

Siku ya sita alirudi amebebwa na mwanawe.
Fizi zinavuja.
Mapajani madoa ya zambarau
kama mtu aliyepigwa, na nyumbani hakuna aliyempiga.
Nilimpiga mimi. Kwa kalamu.

Dokta Mwaisumo hakunifokea.
Aliagiza damu, aliagiza vitamini K,
kisha akaniambia: Mwombe kikapu chake.
Ndani, chini ya kanga, kopo la blubendi;
ndani ya kopo, warfarini.
Pembeni, kwenye kipande cha gazeti,
diklofenaki za duka la Tukuyu, za mgongo,
na chupa ya mizizi ya Mwanjelwa
iliyozibwa kwa gunzi.

Mama, mbona ulisema hutumii dawa?

Akanitazama bila hasira, na hilo ndilo liliniuma.
Dawa ni za ugonjwa, mwanangu, zina mwisho wake.
Hizi si dawa. Hizi ni zangu.
Mwaka wa tisa sasa nameza jua likizama.
Nawe ukila ugali, unasema umekula chumvi?

Darasani walitufundisha, na mtihani niliufaulu:
flajili husimama kwenye mlango wa ini,
warfarini ikakosa pa kutokea,
ikarundikana damuni, damu ikasahau kuganda.
Fahali wawili, zizi moja.
Niliyajua yote hayo.
Nilichokuwa sijui ni neno moja la Kiswahili,
lugha niliyonyonya,
kwamba *dawa* ya kwangu na *dawa* ya kwake
si neno moja.

Alipona. Nasema haraka
kwa sababu najua mnasubiri kusikia.
Alikaa wodini siku kumi na moja,
akaondoka na kopo lake, na karatasi mpya ya miadi,
na mimi hakunitupia hata neno.

Leo niko Makete, nina wanafunzi wangu watatu,
nao wamevaa sweta mbilimbili.
Nawaambia: msiulize dawa.
Ulizeni, ukiamka unameza nini? Ukienda kulala?
Mgongo ukiuma, unakwenda duka gani?
Jirani amekupa nini? Umechemsha nini?
Kisha mwageni kikapu mezani, msione haya.

Jana tulimwaga cha Mzee Ilomo.
Vidonge vya presha, vya kifafa, panadoli sita,
kitunguu swaumu, kipande cha betri.
Tukaandika vyote, hata betri.
Mwanafunzi wangu Tuntufye akafunga faili, akashika kalamu.

Subiri, nikasema.
Mzee, na kwenye koti?

Mzee akatabasamu kama aliyekamatwa na sukari ya watoto,
akaingiza mkono mfuko wa ndani,
akaanza kutoa.